Kuhama jiji kwenda mji mdogo: anza na maji, mandhari utayaangalia baadaye

Niseme mapema, hapa hutasoma kwamba kule hewa ni safi na ndege wanaimba. Hewa ni safi kweli, ndege nao wanaimba, tena wanaanza saa kumi na moja alfajiri bila kuulizwa na mtu. Mi nilihama jiji baada ya kukaa humo miaka kumi na kitu, na makosa yangu karibu yote yalitoka sehemu moja, nilidhani nahama nyumba. Kumbe nyumba ndo jambo dogo kuliko yote. Jijini kuna watu usiowaona wanaokusukumia maji hadi jikoni, wanaobeba taka zako, wanaokuwekea daktari dakika 15 kutoka mlangoni, wanaohakikisha spea ya friji ipo dukani siku hiyohiyo, na wewe kazi yako ni kulipa bili na kulalamika. Ukihamia mji mdogo wa vijijini hizo kazi zinakurudia mkononi mojamoja, na zingine zinakurudia usiku mvua ikinyesha. Kwa hiyo nimepanga hatua kwa kufuata hizo kazi. Kupaki maboksi kila mtu anajua.

HATUA YA 1: Hela itatoka wapi, andika kwenye karatasi

Kichwani kila mpango unafanya kazi, ndo maana nasema karatasi. Kama unaendelea na kazi yako ya sasa kwa mbali, pata ruhusa kwa maandishi, maana bosi aliyekwambia "hamna shida we nenda tu" anaweza kuondoka mwezi wa tatu akaja mwingine anayetaka kuwaona watu ofisini kila Jumatatu. Kama unaenda kuajiriwa kule, uliza pia ile kazi ikiisha kuna mwajiri mwingine wa fani yako ndani ya saa moja ya safari, mara nyingi hamna.

Na kama unaenda kufungua biashara piga hesabu ya vichwa. Tuseme unatengeneza laptopu na mji una kaya 1,200. Tuseme kaya moja kati ya tatu ina laptopu, hizo ni 400, na tuseme kila moja inaharibika mara moja kwa miaka miwili, basi zinaharibika 200 kwa mwaka, yaani karibu nne kwa wiki, na tayari pale sokoni kuna kijana anatengeneza na watu wamemzoea. Unagawana naye nne. Hiyo hesabu inachukua dakika tano na imewahi kuniokoa na wazo moja nililokuwa nalipenda sana.

Afu hili la "maisha ya kule ni rahisi". Pango linashuka, kweli. Ila mafuta ya gari yanapanda, usafiri wa vitu unapanda, fundi anayetoka mbali anakulipisha na safari yake, na vitu vya dukani vingi vimeshapita mikono miwili mitatu kabla ya kukufikia. Mwaka wa kwanza ndo unakula hela kuliko yote kwa sababu unanunua tenki, betri, zana, matairi. Nenda na akiba ya miezi sita ya matumizi usiyoigusa, ukiwa na pungufu subiri kidogo.

HATUA YA 2: Nenda ukakae, tena msimu mbaya

Watu wanaenda kuangalia mji wikiendi, hali ya hewa nzuri, wanakaa siku mbili wanarudi wamependa. Kila sehemu duniani ina msimu wake wa adha, iwe matope, vumbi, theluji, joto, mafuriko, au wadudu, na wenyeji wakiulizwa wanautaja palepale. Nenda huo msimu. Kaa angalau wiki mbili, panga chumba cha kawaida na siyo hoteli ya wageni, na uishi kama mtu wa pale: fanya kazi zako siku za kazi, tafuta dawa duka la dawa, printi kitu, tafuta fundi wa bomba Jumapili, panda basi la mwisho uone linaondoka saa ngapi kweli na siyo saa iliyoandikwa. Saa mbili usiku toka nje uangalie kama kuna kitu chochote kiko wazi.

Siku nyingine usifanye chochote. Kaa tu. Usipoweza kukaa Jumanne mchana bila kitu cha kufanya kwenye huo mji, ni vizuri ujue sasa kabla hujalipa kodi ya mwaka.

HATUA YA 3: Pima umbali kwa dakika, achana na kilomita

Kilomita 40 za lami ni nusu saa na kitu. Kilomita 40 za udongo baada ya mvua ni mchana mzima, na kuna siku haziendeki kabisa. Chukua kalamu uandike: hospitali inayofanya upasuaji, duka la dawa, kituo cha mafuta, gereji, shule, sehemu ya kutoa hela, zimamoto. Ziendee zote mwenyewe, saa mkononi, mara moja mchana kavu na mara moja usiku au kwenye mvua.

Hapa kwenye hospitali nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu watu wanaipita haraka. Chukua mfano wa kiharusi kinachotokana na damu kuganda, ile dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuipewa lazima upigwe picha ya kichwa. Sasa we weka saa moja ya kugundua kwamba mzee haongei vizuri, nusu saa ya kutafuta gari, saa mbili za barabara, na foleni ya kipimo, uone kinabaki nini. Sisemi usihame, nasema uijue hesabu hiyo kabla, hasa kama unahama na mzazi mwenye presha au mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Jua hospitali gani ina hicho kipimo na usipoteze muda kwenye ile isiyokuwa nacho. Mjamzito wiki za mwisho asogee karibu na hospitali, kwa ndugu au chumba cha kupanga, asisubiri uchungu uanze. Dawa za kila siku weka akiba ya mwezi mmoja zaidi ya unayotumia.

Mambo mengine ya kujua kwa kichwa, kwa sababu siku ya tukio huenda netiweki haipo:

Ukiumwa na mbwa au mnyama usiyemjua, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, ukiangalia saa, afu uende kwenye chanjo siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hamna anayepona.

Nyoka akiuma, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete, saa na viatu kabla hapajavimba, tulia, kiungo kisitikisike, nenda hospitali. Na hospitali yenyewe uiulize wakati wa zile wiki mbili zako, "dawa ya sumu ya nyoka mnayo hapa?" Hospitali nyingi ndogo hazina na utapelekwa nyingine, bora ujue ni ipi uende moja kwa moja. Chanjo ya pepopunda nayo angalia kama imepitwa, maana utaanza kushika mapanga, misumari na mabati.

Zimamoto wakiwa mbali maana yake zimamoto ni wewe. Nunua mtungi wa kuzimia moto, mmoja jikoni mmoja kwenye gari, na kila mtu wa nyumbani ajue kuutumia.

HATUA YA 4: Maji

Mtu akinionyesha nyumba kule siku hizi sianzi na vyumba. Nauliza maji yanatoka wapi, yanatoka siku ngapi kwa wiki, yakikatika huwa yanakatika kwa muda gani, na mara ya mwisho yalikatika lini. Halafu naenda kumuuliza jirani hayohayo maswali, majibu yakitofautiana namwamini jirani.

Hesabu ni hii. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya msingi. Watu wanne kwa kiwango cha chini ni lita 200 kwa siku, kwa hiyo tenki la lita 1,000 ni siku tano tu. Kama maji huwa yanakata wiki mbili unahitaji lita 2,800 na usipande bustani. Na kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima imekaa juu ya kitu, hicho kitu kisiwe mbao mbili na matofali yaliyobaki. Mi nililiweka langu juu ya jukwaa alilojenga fundi kwa siku moja, likaanza kulala upande mwezi wa pili, nilikuwa naamka usiku kwenda kulimulika na tochi.

Mvua nayo ina hesabu rahisi inayoshangaza watu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 800, toa robo hivi inayopotea kwa kurukia nje na kuvuja, unabaki na 600. Mvua moja ya maana! Weka gata, weka chujio, na yale maji ya kwanza yaache yamwagike kwa sababu yanaosha vinyesi vya ndege na vumbi la paa zima.

Kama ni kisima, kwanza angalia kiko wapi kulingana na choo. Miongozo mingi inataka angalau mita 30 kutoka choo cha shimo, na kisima kisiwe upande wa chini wa mteremko. Cha jirani hesabu pia, maana maji ya chini hayajui mpaka wa kiwanja. Pili peleka sampuli ikapimwe vijidudu, angalau mara moja kwa mwaka na kila baada ya mafuriko. Maji kuwa meupe kama kioo hakumaanishi kitu. Nyumba ikiwa na mtoto mchanga na eneo ni la mashamba yenye mbolea, omba wapime naitreti, kemikali inayotoka kwenye mbolea, kwa sababu inaweza kuzuia damu ya mtoto wa chini ya miezi sita kubeba oksijeni, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, na hapo yanatakiwa yachemke kwa nguvu dakika moja, ukiwa sehemu ya mwinuko zaidi ya mita 2,000 fanya dakika tatu, kwa sababu huko juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100.

Na yakishatumika yanaenda wapi? Jijini hukuwahi kujiuliza. Kule kuna karo, shimo la maji machafu, nyuma ya nyumba na lazima ujue liko wapi, lilijengwa lini, lilinyonywa lini. Kwa kawaida linahitaji kunyonywa kila miaka 3 hadi 5 kutegemea ukubwa na idadi ya watu. Usimwage mafuta ya kupikia, usitupe pedi wala zile karatasi laini zenye unyevu hata kama pakiti imeandika zinayeyuka. Hakikisha pia gari la kunyonya linaweza kulifikia, kuna watu wamejenga banda zuri kabisa juu ya mfuniko.

HATUA YA 5: Umeme

Uliza jirani tena (utamchoka jirani na yeye atakuchoka, ila ndo urafiki unavyoanza). Unakatika mara ngapi, na ule mkato mrefu kuliko wote ulikuwa siku ngapi.

Halafu usikimbilie kununua sola kwa kuambiwa na muuzaji "hii inatosha nyumba nzima". Orodhesha vitu. Taa 5 za LED za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 225. Laptopu ya wati 60 kwa saa 8 ni 480. Kisanduku cha intaneti cha wati 10 siku nzima ni 240. Friji la kawaida weka kama 1,000 kwa siku. Jumla hapo ni kama wati-saa 1,950, tuseme 2,000. Betri za risasi, zile za zamani kama za gari, haifai kuzishusha chini ya nusu, zinakufa mapema, kwa hiyo unahitaji betri ya 4,000 ili upate 2,000. Za lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, hapo 2,500 zinatosha. Hiyo ni siku moja bila jua. Birika la umeme, pasi na hita viondoe kabisa kwenye hesabu ya betri, birika peke yake linavuta wati 2,000 kwa mara moja na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, inazima kwa aibu. Kupika weka gesi.

Kama umeme wa pale unapanda na kushuka nunua stebilaiza kabla ya kuchomeka friji, nasema kabla.

Jenereta sasa. Isiwashwe ndani, wala barazani, wala stoo hata kama mlango uko wazi. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, moshi wake uelekee upande mwingine. Ile gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, mtu anaumwa kichwa kidogo anasema ngoja nilale, haamki. Na usiunganishe jenereta kwenye nyumba kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani, umeme unarudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi aliyepanda juu akijua laini imezimwa. Fundi akuwekee chenji ova, swichi inayotenganisha umeme wa jenereta na wa nguzo, ndo kazi yake hiyo.

HATUA YA 6: Intaneti, kama mkate wako uko humo

Ramani za makampuni ya simu zinaonyesha nchi nzima imepakwa rangi. Usiziamini. Nunua laini za kampuni zote zilizopo, ingia kwenye chumba kilekile utakachofanyia kazi, funga mlango, pima asubuhi, mchana na hasa saa mbili usiku wakati mji mzima umerudi nyumbani uko kwenye simu. Simu ya video ya kazi inataka kama megabiti 3 au 4 kwa sekunde, kushusha na kupandisha pia, na kupandisha ndo kunakoangusha watu. Paa la bati linakula mawimbi, kuna nyumba ukitoka nje hatua tatu una netiweki kamili na ukirudi ndani hamna, hapo antena ya nje inasaidia sana.

Ukienda kwenye setilaiti kuna aina mbili na watu wanazichanganya. Zile za zamani ziko juu kilomita 35,786, ishara ikienda na kurudi unapoteza zaidi ya nusu sekunde hata kasi ikiwa kubwa, kwenye mazungumzo mnakatizana muda wote. Zile za chini kama Starlink ziko kwenye kilomita 550 hivi, hazicheleweshi kiasi hicho, ila sahani inataka anga wazi na ule mti mzuri wa uani unakuwa adui. Angalia pia kama zimeruhusiwa nchini kwako. Vyovyote uwe na njia mbili tofauti, na mkutano muhimu usiwekee dau kwenye moja.

HATUA YA 7: Panga nyumba kwanza, usinunue

Mwaka mzima. Usinunue kiwanja mwezi wa kwanza ukiwa bado umelewa mandhari, na kama una nyumba jijini usiiuze, pangisha. Mwaka mmoja unakupitisha misimu yote na unakufundisha mtaa gani unajaa maji, upande gani upepo unaleta moshi, nani anauza kiwanja kimoja kwa watu wawili.

Ikifika kununua nenda ofisi ya ardhi mwenyewe, hakiki jina, mipaka na madeni. Pima na mpimaji. Hakikisha una njia ya kufika iliyoandikwa kwenye karatasi, maana ile njia "tunayopitaga siku zote" ni shamba la mtu na yeye akifa watoto wake wanaweka geti. Uliza wazee mafuriko makubwa yalifika wapi, watakuonyesha kwa kidole jiwe au mti, afu angalia kuta za nyumba jirani kama zina ule mstari wa tope.

HATUA YA 8: Mzigo

Hii fupi. Nusu ya vitu vyako hutavihitaji, uza. Pima geti, kona na daraja kabla hujakodi lori kubwa, mi letu liligoma mita 300 kabla ya nyumba tukabeba kwa mkono hadi usiku. Panga kufika mchana. Boksi moja liwe mbele karibu na dereva: taa ya kichwani, chaja, dawa, hati, zana, karatasi ya chooni, maji ya kunywa, shuka. Nunua jijini ambako kuna chaguo: buti nzuri, boksi la zana, jeki na tairi la akiba, pampu ya tairi, washa za bomba na vipuri vidogovidogo vya mashine unazozitegemea.

HATUA YA 9: Watu

Jijini unaweza kugombana na muuza duka ukahamia duka la pili. Kule duka la pili ni la shemeji yake.

Nilijifunza hivi. Mwezi wa pili nikiwa nangoja kwenye foleni, mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole vipi nyumba, nimezoea? Mi nikafunguka, nikamwelezea lile jukwaa la tenki, nikasema yule fundi hajui hata kushika pima maji. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole mwanangu. Yule ni mdogo wangu, tumbo moja, nitamwambia." Na akamwambia kweli, fundi akaja kesho yake asubuhi na matofali yake akarekebisha bila kudai hela, na bila kunisemesha miezi minne.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza chukulia kwamba kila mtu ni ndugu wa kila mtu. Salimia wote, hata yule uliyemsalimia dakika kumi zilizopita ukirudi msalimie tena. Usiseme "kwetu kule jijini huwa tuna..." hata kama una hoja. Kwenye vikao kaa nyuma usikilize, yale mambo unayoyaona hayana akili mengine yana sababu ya miaka mingi ambayo hamna aliyeona haja ya kukueleza. Mengine hayana akili kweli, ila si kazi yako bado.

Nunua pale mjini hata kama ni ghali kidogo. Mtu ambaye gari lake linashuka kila wiki na mizigo kutoka jijini ndo huyohuyo anayeshangaa duka likifungwa. Lipa mafundi siku hiyohiyo, habari ya deni inatembea kuliko gari. Ukisaidiwa kukwamuliwa kwenye tope usitoe pochi papo hapo, wengine inawaudhi, kumbuka tu nani alisukuma, na yeye akihitaji kupelekwa hospitali usiku usitafute funguo kwa muda mrefu.

Faragha utaipoteza, kubali. Watajua umepokea mgeni, gari lake ni rangi gani na aliondoka saa ngapi. Inaudhi hadi siku unapougua ukiwa peke yako, saa nne asubuhi mtu anagonga mlango kwa sababu hakuona dirisha limefunguliwa.

HATUA YA 10: Uliohama nao

Aliyependa wazo la kuhama huwa ni mmoja, mwingine alikubali. Yule aliyekubali mwangalie zaidi. Kama gari ni moja na wewe unaondoka nalo asubuhi, mwenzako uliyemwacha kwenye ile nyumba yenye mandhari amefungiwa, ongeeni mapema nani ana usafiri siku zipi hata kama ni pikipiki ya mkopo. Watoto wadogo wanazoea kwa wiki, wa miaka 14 hadi 17 ni kesi nyingine, wana marafiki na wana masomo waliyochagua ambayo shule ya kule inaweza isiwe na mwalimu wake. Ulizia hilo shuleni kabla, kwa jina la somo, usikubali jibu la "walimu wapo". Na hamisha mwanzo wa mwaka wa masomo, siyo katikati.

Kwangu mwezi wa kwanza ulikuwa kama likizo. Mwezi wa tatu ndo ulikuwa mbaya, marafiki wa jijini wameacha kupiga simu, wa pale hawajawa marafiki bado, na kila kitu kilichoharibika kilikuwa changu. Kilichonitoa humo ni kuwa na kitu cha kufanya na watu siku maalum kila wiki, chochote, kwaya, mpira, kikundi cha kuweka akiba, kufundisha watoto kompyuta. Ukisubiri ualikwe utasubiri sana, watu wanadhani we una mambo yako.

HATUA YA MWISHO: Weka tarehe

Kabla lori halijaondoka chagueni tarehe miezi 12 mbele, muiandike ukutani au kwenye simu. Siku hiyo mnakaa wote mnajibu: hela inatosha bila kugusa akiba? Kuna mtu hapa nyumbani anayezidi kunyamaza? Tumewahi kuhitaji hospitali na tukaifikia? Tukirudi jijini leo tungekosa nini? Kabla ya hiyo tarehe asitishie mtu kurudi kila maji yakikatika, na baada yake kila mtu anasema ukweli na kurudi ni jibu halali kama jibu lingine. Namba za simu za bosi wa zamani na za mwenye nyumba wa zamani usizifute.

Sisi tarehe yetu ilipita bila kuiona. Nilikuwa juu ya paa natoa majani kwenye gata kabla mvua haijaanza, yule fundi wa jukwaa ameshika ngazi chini ananipigia kelele nishuke nitaanguka, na tulikuja kukumbuka siku tatu baadaye. Kikao tulikifanya hivyohivyo, na swali la pili lilituchukua usiku mzima.